Mshipa mmoja, mishipa yote au kufungua kifua: kulinganisha tiba za mgonjwa wa shambulio la moyo

Uamuzi huu huwakuta ndugu wakiwa koridoni, simu mkononi, kundi la WhatsApp la ukoo likiuliza hali ya mzee kila baada ya dakika mbili. Daktari anatoka ndani na kusema: mshipa ulioleta shambulio tumeshauona, ila kuna mingine miwili nayo imebana. Sasa kuna kuzibua ule mmoja tu. Kuna kuzibua yote kwa mkupuo. Kuna kuzibua mmoja leo na mingine siku nyingine. Na kuna kufungua kifua na kupandikiza mishipa.

Natanguliza msimamo wangu ili msomaji ajue ninakoelekea. Kwa mgonjwa ambaye presha yake imetulia, mishipa mingine mikubwa iliyobana sana isiachwe hivihivi. Cha kujadili ni lini izibuliwe, na hapa Dar es Salaam jibu la lini linaegemea jambo ambalo hakuna utafiti unaoweza kukujibia: mtu huyu akiruhusiwa kwenda nyumbani, atarudi?

Kwanza saa, ndipo idadi

Kabla ya kuhesabu mishipa, hesabu saa. Msuli wa moyo uliokosa damu huanza kufa ndani ya dakika 20 hadi 40, na kinachokufa hakioti tena. Kipimo cha umeme wa moyo kikionyesha kwamba mshipa umeziba kabisa, lengo ni mgonjwa afikishwe kwenye kathilabu, chumba chenye mtambo wa kuzibua mishipa ya moyo kwa mrija, na mshipa uzibuliwe ndani ya dakika 120 tangu kipimo kisomwe. Ikionekana wazi kwamba muda huo hautafikiwa, na maumivu hayajapita saa 12, achomwe dawa ya kuyeyusha bonge la damu pale pale alipo, kama haina madhara kwake.

Dakika 120 kwenye karatasi ni nyingi. Kwa mtu wa Chanika au Mbagala Rangi Tatu, jioni ya foleni, ni chache mno. Tena hapo saa nyingine zimeshaliwa nyumbani. Mzee anashika kifua, anatoka jasho jembamba, mkono wa kushoto unakufa ganzi, wenzake wanasema ni gesi, wengine vidonda vya tumbo. Anapewa maziwa, anameza dawa ya tindikali, analala "apumzike". Nadhani vidonda vya tumbo vimesingiziwa mengi sana katika mji huu.

Dawa za kuyeyusha damu hazilingani. Streptokinase ni ya zamani na ya bei nafuu. Hutolewa kwa dripu, yuniti milioni 1.5 kwa dakika 30 hadi 60, na inaweza kushusha presha. Aliyekwishaipata hapewi tena, kwa kuwa mwili hutengeneza kinga dhidi yake. Tenecteplase ni sindano moja tu, dozi kwa uzito wa mgonjwa. Zote zina hatari ya damu kuvuja kwenye ubongo, takriban mtu mmoja kati ya 100, ndiyo maana mtu aliyewahi kuvuja damu kichwani, au aliyepata kiharusi au kufanyiwa upasuaji mkubwa hivi karibuni, hapewi.

Wengi hukosea hapa: maumivu yakipoa baada ya sindano, familia huona kazi imekwisha. Haijaisha. Bonge limeyeyuka, ila ukuta wa mshipa uliopasuka bado uko vilevile. Mgonjwa anatakiwa afikishwe kwenye kathilabu kati ya saa 2 na saa 24 baada ya dawa kufanya kazi. Dawa isipofanya kazi, apelekwe muda huohuo, asisubiri chochote.

Kinachoonekana kwenye skrini

Mgonjwa anakuwa macho. Anachomwa ganzi kwenye kifundo cha mkono, mara nyingi wa kulia, na mrija mwembamba kuliko mrija wa kunywea soda unapitishwa kwenye mshipa hadi kwenye mlango wa mishipa ya moyo. Dawa ya kuonyesha picha inasukumwa, eksirei inapiga, na kwa sekunde chache mishipa inajichora kwenye skrini kama matawi meusi yanayocheza na mapigo. Daktari anatafuta mitatu: ule wa mbele upande wa kushoto, ule unaozunguka nyuma, na ule wa kulia.

Mshipa ulioleta shambulio huwa umekatika ghafla. Barabara ya Jangwani hapa Dar ikifurika, magari hayapiti, basi; ndivyo ulivyo. Mingine iliyobana ni barabara yenye njia moja iliyofungwa: watu wanapita, kwa shida. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa mjadala wote. Ule wa kwanza unaua leo. Hii mingine inaweza kukaa miaka bila kusumbua, au ikapasuka mwezi ujao.

Si kila mara chanzo huonekana kirahisi hivyo. Kuna shambulio ambalo mshipa haukuziba kabisa, kipimo cha umeme hakikuonyesha dalili ile kubwa, troponini tu, protini inayovuja kwenye damu msuli wa moyo ukiumia, ndiyo imepanda. Hapo mishipa miwili inaweza kufanana na daktari akakisia. Mengi nitakayosema chini yanahusu hasa shambulio lile la kuziba kabisa, maana ndilo lililopimwa zaidi.

Mmoja tu, au yote?

Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa: zibua ulioleta shambulio, mingine iache. Ilikuwa na mantiki. Damu wakati wa shambulio iko tayari kuganda, moyo umechoka, kila puto linalofunguliwa ndani ya mshipa ili kuuzibua ni hatari nyingine, na dawa ya picha inapita kwenye figo. Tena mishipa ikiwa kwenye taharuki hujikaza, hivyo sehemu iliyobana inaweza kuonekana mbaya kuliko ilivyo.

Kanuni hiyo ilianza kuyumba mwaka 2013. Utafiti wa PRAMI wa Uingereza, wagonjwa 465, ulisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa tofauti ilikuwa kubwa: waliozibuliwa yote, 21 walikufa kwa moyo, wakapata shambulio jingine au maumivu ya kifua yasiyosikia dawa, waliozibuliwa mmoja tu, 53. Tafiti ndogo zilifuata. Uzito ulikuja mwaka 2019 na utafiti wa COMPLETE, wagonjwa 4,041 katika nchi 31. Baada ya takriban miaka mitatu, waliokufa kwa ugonjwa wa moyo au kupata shambulio jipya walikuwa asilimia 7.8 upande wa kuzibua yote, na asilimia 10.5 upande wa mmoja tu.

Soma namba hizo kwa utulivu. Kati ya wagonjwa 100 waliozibuliwa yote, karibu watatu waliepuka tukio baya. Na faida ilitoka hasa kwenye mashambulio mapya; kwa vifo vya moyo peke yake, pande mbili zilikaribiana sana, asilimia 2.9 kwa 3.2. Kwa hiyo anayekuambia "bila kuzibua yote atakufa" anatia chumvi. Anayekuambia "hiyo mingine haina maana" naye hajasoma.

Kuna nukta ambayo ndugu hawaambiwi: "yote" haina maana ya kila mkwaruzo kwenye picha. COMPLETE iligusa mishipa yenye upana wa milimita 2.5 na kuendelea, iliyobana asilimia 70 au zaidi. Iliyobana kati ya asilimia 50 na 69 ilizibuliwa pale tu waya maalumu wa kupima msukumo wa damu ulipotoa 0.80 au chini, yaani msukumo baada ya sehemu iliyobana ni asilimia 80 au pungufu ya ule wa kabla yake. Ukisikia mgonjwa kawekewa stenti, kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa uwe wazi, kwenye mshipa uliobana asilimia 40, una haki ya kuuliza kwa nini.

Waya huo wenyewe una ubishi wake. Mwaka 2024 utafiti wa FULL REVASC, wagonjwa 1,542, ulitumia waya kuchagua mishipa ya ziada. Baada ya karibu miaka mitano matukio mabaya yalikuwa asilimia 19.0 kwa waliozibuliwa na ya ziada na 20.4 kwa waliozibuliwa mmoja tu, tofauti isiyotosha kudai ushindi. Mimi nausoma hivi: kwa mshipa uliobana sana jicho linatosha, wa katikati hata kipimo kizuri hakikupi uhakika, na kuuacha kwa dawa si dhambi.

Wazee je? Wengi hudhani mtu wa miaka 80 aachwe apumzike. Utafiti wa FIRE wa mwaka 2023 uliwachukua wenye miaka 75 na kuendelea tu, 1,445, na hata hao kuzibua mishipa yote iliyothibitishwa kwa kipimo kuliwasaidia: asilimia 15.7 kwa 21.0 ndani ya mwaka mmoja. Umri peke yake si sababu ya kumnyima mtu.

Leo leo, au arudi?

"Daktari, si mngemalizia tu maana mko humohumo?" Swali hili linaulizwa sana, na si la kijinga.

Kwa upande wa kumaliza leo kuna utafiti wa MULTISTARS AMI wa mwaka 2023, wagonjwa 840. Waliozibuliwa yote siku hiyohiyo walipata matukio mabaya kwa asilimia 8.5 ndani ya mwaka; waliorudi kati ya siku ya 19 na ya 45, asilimia 16.3. Ukiishia hapo unaona jibu liko wazi. Lakini kumbuka kwamba mtu anapozibuliwa yote siku ya shambulio, troponini yake tayari iko juu, hivyo kovu dogo linaloletwa na puto lenyewe halionekani. Yule anayerudi akiwa mzima, kovu lilelile linaonekana na linaandikwa kuwa shambulio. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, BIOVASC, wenye wagonjwa 1,525, uliona tofauti ndogo zaidi, asilimia 7.6 kwa 9.4: kumaliza siku moja hakukuwa kubaya kuliko kurudi.

Kwa hiyo kitaalamu njia zote mbili zinakubalika. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2023 unasema hivyo: siku hiyohiyo, au ndani ya siku 45. Ndani ya COMPLETE kwenyewe, waliorudi mapema wakiwa bado wamelazwa na waliorudi baada ya kuruhusiwa walifaidika sawasawa.

Sasa ingia mtaani. Anayeambiwa "rudi baada ya wiki nne" anarudi Kivule au Bunju akiwa hana maumivu. Kifua hakiumi, anapanda ngazi, majirani wanamwambia Mungu mkubwa. Bili ya kwanza bado inalipwa kwa michango. Bima inahitaji kibali kipya, au ya mwajiri imekwisha pamoja na ajira. Mwanawe aliyekuwa anafuatilia karejea Mwanza kazini. Wiki nne zinakuwa miezi minne, na tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi ya kuruhusiwa inabaki hapohapo kwenye droo.

Ndiyo maana kwa mgonjwa wa hapa ninaegemea moja kati ya mawili: azibuliwe yote siku hiyo kama mishipa ni myepesi na mwili umetulia, au arudishwe kathilabu siku chache baadaye kabla hajatoka wodini. La pili nalipenda zaidi. Moyo umepumzika, figo zimepimwa tena, timu imelala, siyo saa nane za usiku, na ndugu wamepata nafasi ya kuuliza. Kumruhusu nyumbani kwa ahadi ya kurudi iwe chaguo la mwisho, kwa mtu mwenye bima inayosomeka na msimamizi anayejulikana kwa jina.

Hesabu ya fedha nayo iulizwe mapema. Kurudi mara ya pili maana yake ni chumba na vifaa kulipiwa tena, na kila stenti ina bei yake. Omba makadirio ya njia zote mbili kabla hujasaini.

Wapo ambao wasimalizwe siku hiyo hata familia ikiomba. Mwenye figo dhaifu, kwa ajili ya dawa ya picha. Mwenye mshipa wa pili mgumu, uliojaa chokaa au uliopinda kwenye njia panda, ambao kuuzibua kunataka saa nzima. Na mgonjwa aliyechoka mezani, anayeshindwa kulala chali kwa kubanwa pumzi.

Presha ikiporomoka, mmoja tu

Hapa sina ubishi. Mgonjwa ambaye moyo umeshindwa kusukuma damu, mikono baridi, mkojo umekauka, akili inapotea, azibuliwe ule mmoja ulioleta balaa na atolewe mezani. Watu wengi, wakiwemo madaktari, walidhani kinyume: kwamba moyo dhaifu unahitaji msaada kutoka kila upande. Mwaka 2017 utafiti wa CULPRIT-SHOCK wa Ulaya ulipima jambo hilo kwa wagonjwa 706. Ndani ya siku 30, waliokufa au kuhitaji kusafishwa damu kwa mashine ya figo walikuwa asilimia 45.9 kwa waliozibuliwa mmoja, na asilimia 55.4 kwa waliozibuliwa yote.

Kwa hiyo ukiwa koridoni ukaambiwa "tumefungua mmoja, mingine tumeiacha kwa sababu presha iko chini", usidhani wamefanya kazi nusu. Akipona, mingine itatazamwa siku zijazo.

Kufungua kifua

Neno hili huwatisha watu kuliko linavyostahili, na wengine hulitamani kuliko linavyostahili. Daktari wa upasuaji hukata mfupa wa kifua, huchukua mshipa wa ndani ya ukuta wa kifua na mara nyingi mishipa ya mguuni, na kuishona ipite kando ya sehemu zilizoziba. Mgonjwa hulala hospitali kama wiki moja mambo yakienda vizuri, mfupa huunga kwa miezi miwili hadi mitatu, na muda huo habebi ndoo, haendeshi gari, hanyanyui mtoto.

Wakati wa shambulio lenyewe upasuaji huu si chaguo la kwanza, isipokuwa kathilabu imeshindwa au umetokea mpasuko ndani ya moyo. Nafasi yake ni baadaye: ule ulioleta shambulio umeshazibuliwa, mingine inasubiri, na picha inaonyesha shina kuu la kushoto limebana, au mishipa yote mitatu imeharibika kwa urefu.

Sukari hubadilisha mizani. Utafiti wa FREEDOM wa mwaka 2012 uliwafuata wagonjwa 1,900 wenye kisukari na mishipa kadhaa iliyobana. Baada ya miaka mitano, vifo, mashambulio na viharusi kwa pamoja vilikuwa asilimia 18.7 kwa waliopasuliwa na asilimia 26.6 kwa waliowekewa stenti. Viharusi peke yake vilikuwa vingi upande wa kisu, asilimia 5.2 kwa 2.4. Wagonjwa hao hawakuwa wamebebwa moja kwa moja kutoka kwenye shambulio, kwa hiyo namba hizo zikusaidie kufikiri, zisiwe hukumu. Ila mgonjwa wa sukari mwenye mishipa mitatu, akitulia, hastahili kuwekewa stenti ya pili na ya tatu kabla daktari wa upasuaji hajaiona picha. Katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, Upanga, kathilabu na upasuaji wa moyo viko chini ya paa moja, hivyo kuomba madaktari wa pande zote mbili wakae pamoja si kuomba makuu.

Kuna kikwazo kimoja cha kivitendo. Stenti inataka dawa mbili za kuzuia damu kuganda, na dawa hizo ndizo hufanya damu isikome kwenye upasuaji. Clopidogrel husimamishwa takriban siku tano kabla ya kisu, ticagrelor takriban siku tatu, kwa amri ya daktari tu. Kwa hiyo wazo la upasuaji lisemwe mapema, kabla chumba cha kathilabu hakijajaza stenti kila mahali.

Ya kuuliza pale pale

Ukiitwa, salimia, kisha uliza kwa utaratibu. Presha yake imetulia? Ni mshipa upi ulioleta shambulio, na umefunguka vizuri? Mingine imebana asilimia ngapi, na ni mikubwa? Figo zake zikoje? Ana sukari, daktari wa upasuaji ameiona picha? Kama atarudi, ni tarehe gani, na anaweza kubaki wodini hadi hapo?

Njia yoyote ya stenti mtakayochagua inakuja na aspirini pamoja na clopidogrel au ticagrelor kila siku, kwa kawaida kwa miezi 12, na statini, dawa ya kushusha lehemu, juu yake. Stenti ikiziba ghafla kwa sababu vidonge vimekwisha na hela haijapatikana, shambulio linaweza kuwa kubwa kuliko la kwanza. Kabla ya kununua matunda ya kumpelekea mgonjwa, nunueni dawa za mwezi mzima. Na siku ya kuruhusiwa msiondoke bila CD ya picha ya mishipa. Ripoti ya karatasi haitoshi, na hospitali nyingine itakayompokea usiku itaihitaji kabla haijagusa chochote.